Mashuka ya Meli

Mvua ilianza Jumatatu alasiri, wakati Tsuma dobi na mkewe Kafedha walipokuwa wamemaliza tu kuanika. Mashuka mia mbili na arobaini yalikuwa juu ya kamba, juu ya nyasi, juu ya ua wa michongoma, na mengine juu ya paa la banda la kuku, maana Changamwe nzima isingetoa kamba za kutosha. Yote yalikuwa ya meli ya abiria iliyotia nanga Kilindini asubuhi ile, ikitoka Ulaya kwenda Durban. Ilikuwa Mei ya mwaka 1946, na mtu mwenye akili hafui mzigo wa namna hiyo mwezi wa Mei. Lakini mtu mwenye akili huenda hajapata kuitwa na Mzungu akaambiwa: wewe mwenyewe, bila tajiri wako, chukua.

Siku zote kazi ya meli ilipitia kwa tajiri mwenye duka mjini, Tsuma akaambulia makombo. Safari hii tajiri na bwana stoo wa meli waligombana kwa Kiingereza, na bwana stoo akamgeukia Tsuma aliyekuwa amesimama nyuma na gunia begani. Mashuka yarudi Jumatano saa nne asubuhi, makavu, yamepigwa pasi, kwa sababu adhuhuri meli inang'oa nanga. Yakirudi vizuri, kila meli hiyo itakapopita Mombasa kazi ni yake.

"Na umemwachia nini?" Kafedha alimuuliza walipokuwa wakikimbizana na mvua, kila mmoja na rundo kifuani. "Yule si mjomba wako, akuamini hivi hivi."

"Nimemwachia kipande."

Kafedha alisimama palepale katika mvua. Kipande kilikuwa ile karatasi yenye jina na alama ya kidole ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa na serikali kutembea nayo ndani ya kibati, imening'inia shingoni. Bila kipande huandikwi kazi, huvuki Makupa kuingia mjini, na askari akikukuta huna, unalala ndani.

"Baba Mbeyu, umempa kipande chako mtu anayeondoka keshokutwa?"

"Alitaka kitu cha amana. Nilikuwa na nini kingine? Sina duka, sina saa." Tsuma alikuwa akiongea kama mtu aliyekwisha kujijibu njiani. "Wenyewe ndio waliotengeneza vipande, Mama Mbeyu. Wanajua thamani yake. Atakitunza kuliko ninavyokitunza mimi."

Kafedha aliingiza mashuka ndani, akayarundika juu ya kitanda, na maji yakaanza kudondoka uvunguni.

&nbsp;

Jumanne hakukupambazuka vizuri. Upepo wa kusi ulivuma tangu alfajiri, mvua ikija kwa ubavu, na nyumba yao ya vyumba viwili ikawa imejaa kamba kila upande hata binti yao Mbeyu, msichana wa miaka kumi na saba, akawa anatembea ameinama. Shuka la kitani zito la Ulaya si leso. Lilining'inia tangu asubuhi, na ulipolishika saa nne lilikuwa vilevile ulivyolitundika.

Ndipo Tsuma akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la mtu aliyezaliwa Rabai katikati ya minazi. Ami yake, mzee Masha, alikuwa na tanuri la mbata njia ya kwenda Jomvu. Ni banda tu lenye paa refu la makuti. Chini moto wa vifuu na makumbi ya nazi, juu chanja ambapo nazi zilizopasuliwa hukaushwa mpaka ziwe mbata ya kuuza kwa wenye viwanda vya mafuta. Siku hiyo chanja ilikuwa tupu. Mzee Masha alipoelezwa habari ya kipande hakuuliza swali la pili. Aliwasha moto mwenyewe.

Walibeba mashuka yakiwa yamefunikwa kwa turubai. Waliyatandaza juu ya chanja kumi kumi, wakiyageuza, macho yakiwatoka machozi, na ajabu ni kwamba yalikauka. Kila shuka lilitoka jepesi, lenye joto, kama mkate. Mpaka magharibi walikuwa wamekausha yote mia mbili na arobaini. Kafedha alilishika moja akaliweka shavuni.

"Ahsante, Mungu," alisema, na alisema kwa sauti, mzee Masha akaitikia amina.

&nbsp;

Jumatano asubuhi Rispa alikuja kusaidia kumalizia kupiga pasi. Rispa alikuwa mtu wa bara, mke wa Elkana aliyefanya kazi ya kuunganisha mabehewa ya reli, nao walikaa katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ng'ambo ya barabara. Aliingia na pasi yake ya makaa mkononi, akasimama mlangoni, pua ikacheza.

"Mama Mbeyu, mnapika nini?"

"Hatujapika kitu. Hata chai bado."

Rispa alifuata pua yake mpaka kwenye rundo la mashuka. Alichukua moja, akalinusa, akalirudisha polepole. Alikuwa mwanamke mwenye adabu na hakujua aanzie wapi.

"Mimi ni mgeni wa pwani," alisema mwishowe, "labda sijui. Lakini hii shuka inanuka ile nazi ya kuchomwa."

Tsuma alilinusa. Kafedha akalinusa. Mbeyu naye. Kwao lilinuka shuka. Watu watatu waliolelewa ndani ya moshi wa makumbi, nguo zao za kanisani zenyewe zilikaushiwa kwenye moshi huohuo, walinusa kwa bidii na hawakupata kitu.

"Hakuna harufu," Tsuma alisema, ingawa sauti yake ilikwisha kulegea.

Bahati ilimleta Bi Mwanatabu wa Jomvu Kuu, aliyekuja kuchukua kanzu za mumewe. Alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache na pua iliyozoea udi.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu," Kafedha alimwamkia. "Tafadhali tunusie hili."

"Marahaba." Bi Mwanatabu alilisogeza puani na hapohapo akalitoa. "Wallahi lanuka mbata. Mwalifanyani shuka la watu? Mtu akilala humu ataota yuko tanurini."

Mbeyu alicheka, kisha akaona uso wa babake akaacha. Ilikuwa saa mbili. Kufua tena na kukausha mashuka yote kwa mvua ile hata siku mbili zisingetosha, na meli ilikuwa inaondoka adhuhuri. Tsuma alivaa koti, akachukua cheti cha mzigo alichopewa na bwana stoo.

"Nitakwenda kumwangukia miguuni," alisema. "Anirudishie kipande. Mashuka nitampa yalivyo, na kazi basi."

"Utapitaje Makupa?" Kafedha aliuliza.

Tsuma alikitia cheti mfukoni, akatoka.

&nbsp;

Hakupita. Pale daraja la Makupa, panapoingiwa kisiwani, askari wawili walikuwa wakikagua wanaume mmoja mmoja katika manyunyu. Tsuma alionyesha cheti. Askari alikigeuza huku na huku.

"Hiki ni cheti cha nguo. Mimi nimekuuliza cheti chako wewe."

"Kipande changu kiko melini, afande. Nimekiweka amana."

"Kipande chako kinasafiri wewe ukibaki?" Mwenzake alicheka. Tsuma aliamriwa akae chini pembeni ya barabara pamoja na wengine sita, katika matope, mikono juu ya magoti. Wateja wake wawili walipita kwa baiskeli. Mmoja alijifanya hakumwona, na hiyo ilikuwa hisani. Wa pili aliuliza kwa sauti kama kanzu yake itakuwa tayari Ijumaa.

Alikaa hapo mpaka saa sita ikapita. Alijua imepita kwa sababu king'ora cha karakana ya reli kililia, na aliposikia king'ora alifumba macho. Akaiona ile meli ikitoka, na jina lake limo ndani yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na hakuwahi kujiona hafifu kama alivyojiona pale, akiwa hana hata karatasi ya kumwambia mtu kwamba yeye ni Tsuma.

Elkana alimkuta hapo akirudi kutoka zamu. Alimjua sajini wa askari wale kwa sababu walikaa benchi moja kanisani, akamvuta pembeni, wakazungumza sana. Sajini alikuja akasimama mbele ya Tsuma.

"Mpaka Jumamosi asubuhi," alisema. "Ulete kipande kituoni nikione kwa macho yangu. Usipokileta nitakufuata nyumbani."

Walipokuwa wakitembea kurudi Changamwe, Elkana alimgeukia mwenzake.

"Kwani hujauliza habari ya meli?" alisema Elkana.

"Imeondoka. Niulize nini?"

"Haikuondoka. Nimeiacha palepale gatini. Rubani wa bandari amekataa kuitoa. Anasema upepo huu na mkondo ule wa mlango wa bandari, na mvua hata boya halionekani, ataipeleka meli ya watu kwenye mwamba. Abiria wamekaa madirishani wamenuna. Wanasema Ijumaa, kama kutatulia."

Tsuma alisimama. Mvua ilikuwa ikimpiga usoni, mvua ileile iliyomharibia kazi, na yeye akawa anaiangalia kama mtu anayetazama mgeni aliyemfikiria vibaya. Kisha akaanza kukimbia, Elkana nyuma yake akimwita apunguze mwendo.

&nbsp;

Kilichofuata watu wa Changamwe walikisimulia muda mrefu, kila mmoja akijiongezea mashuka aliyokausha.

Walifua upya yote, Kafedha, Mbeyu na Tsuma, kwa maji ya mvua, ambayo kwa hilo peke yake yalikuwa mema: mapipa yalijaa bila mtu kwenda kisimani. Waliyachemsha kwa magadi, wakayasuuza mara tatu. Rispa aliwekwa kuwa pua. Kila shuka lilipita kwake kabla ya kukamuliwa, na likimtia shaka lilirudi pipani, na hakuna aliyebishana naye.

Kukausha ndiko kulikokuwa kazi. Rispa alizunguka landi za reli mlango kwa mlango. "Ni mashuka sita tu," alisema kila mahali. "Kamba moja, jiko moja la makaa, mfunge dirisha. Si kuni, si makumbi. Makaa." Watu walikuwa na chumba kimoja kila familia. Walikunja mikeka, wakatoa watoto barazani, wakatundika mashuka ya Wazungu juu ya vitanda vyao vya kamba. Kijana mmoja mpagazi, aliyekuwa na ndugu wanne chumbani, alichukua kumi na mbili, na hao ndugu wakalala kwa jirani. Mwinyihaji, mwenye duka la palepale Changamwe, alitoa gunia la makaa, na Kafedha alipofungua pindo la leso kutoa senti, alimwambia azifunge tena.

Bi Mwanatabu alipeleka arobaini Jomvu Kuu, yamefungwa kwa turubai juu ya punda. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye ukumbi mrefu, na wanawake wa mtaa walikuja na pasi zao. Alhamisi jioni Tsuma alipokwenda kuyafuata alimkuta ameweka chetezo katikati ya ukumbi.

"Bi Mwanatabu, nakuomba," Tsuma alisema, "usiyafukize."

"Udi kidogo tu. Shuka halitandikwi halijafukizwa."

"Hawa hawafukizi. Wakisikia harufu yoyote nimekwisha."

Bi Mwanatabu alikitazama chetezo, akayatazama mashuka meupe yaliyokunjwa, akasikitika kwa dhati. "Walala vipi watu hawa," alisema, akazima makaa.

Tsuma alitaka kushukuru. Alikuwa ameandaa maneno njiani, lakini alipoona wanawake wale wanane wameketi chini, mikono imewavimba kwa pasi, watu ambao hawakuwa ndugu zake wala wa kanisa lake, maneno yalimkwama, akainama akaanza kufunga mzigo. "Haya, nenda," Bi Mwanatabu alimwambia. "Mungu akupe kipande chako."

Na Kafedha, ambaye hakuwahi kuomba mvua izidi, aliomba izidi. Usiku wa Alhamisi alipiga magoti akaomba kusi ivume mpaka asubuhi tu, isizidi hapo. Akawaombea na wale abiria pia, wasikasirike sana.

&nbsp;

Ijumaa upepo ulianza kuchoka. Mzigo ulikuwa tayari, na ndipo ilipobainika jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: Tsuma hawezi kuupeleka. Sajini alimpa mpaka Jumamosi, lakini askari wa zamu ya asubuhi si sajini.

"Nitakwenda mimi," Kafedha alisema. "Wanawake hatuvai vipande."

Alikwenda na Elkana, aliyekuwa na pasi ya reli ya kuingilia bandarini, pamoja na yule kijana mpagazi akisukuma mkokoteni. Makupa hakuna aliyemtazama. Getini walisoma cheti wakamfungulia. Wanaume wale wawili walipandisha marobota mpaka stoo ya mashuka, kisha wakaamriwa washuke, na Kafedha akabaki peke yake ndani ya meli, kavaa leso zake za Jumapili, sakafu ikitetemeka kidogo chini ya miguu yake kwa kuwa mitambo ilikwisha kuwashwa.

Bwana stoo alikuwa mtu mnene mwenye uso mwekundu. Alihesabu, akafunua shuka hapa na pale. Akaliinua moja mpaka puani. Mzungu alilishusha akachukua lingine, kisha akasema neno kwa mtumishi wake, Mgoa mmoja mwembamba aliyejua Kiswahili.

"Anasema ni kazi safi," Mgoa alitafsiri. "Anasema safari ijayo, mwezi wa Agosti, mumeo aje."

"Mwambie ahsante," Kafedha alisema. "Na mwambie naomba kipande cha mume wangu."

Mgoa alitafsiri. Bwana stoo alikunja uso, hakuelewa. Mgoa alichora kibati hewani kwa vidole, akaonyesha shingo. Bwana stoo alivuta droo moja, akavuta nyingine, akapekua karatasi mezani. Nje king'ora cha meli kililia mara moja.

Mara yule Mzungu akacheka, akajipiga paji la uso. Aliwaongoza kwenye chumba chake cha kulala, hatua chache tu, akaenda dirishani. Lilikuwa dirisha la duara, la shaba na kioo kizito. Katikati ya fremu na kioo palikuwa pameshindiliwa kitu. Alikivuta kwa nguvu, mara mbili, na kioo kikaanza kugongagonga. Alikuwa ameshika kibati cha Tsuma, upande mmoja umebonyea.

Alisema maneno mengi kwa furaha. Mgoa alisita kabla ya kuyatafsiri.

"Anasema upepo ulikuwa unagonga dirisha, hapati usingizi. Akatafuta kitu cha kulikaza." Mgoa alitazama sakafu. "Anasema siku nne amelala vizuri. Anasema mwambie mumeo ahsante sana."

Kafedha alikipokea kwa mikono miwili. Karatasi ilikuwa nzima ndani. Alama ya kidole cha mumewe ilikuwa pale. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa kufanya mbele ya mtu aliyempa kitu, akasema ahsante, na ukweli ni kwamba alishukuru kutoka moyoni, maana kingeweza kuanguka baharini.

Elkana na kijana walimngoja chini. Aliwaambia kimepatikana, akasema anapumzika kidogo. Alienda nyuma ya marundo ya magunia, akakiweka kibati juu ya chuma cha kufungia kamba, akakigonga kwa jiwe ili kinyooke. Kilinyooka kidogo tu. Nyuma yake meli ilikuwa ikiachana na gati, na abiria walipunga mikono kwa mtu yeyote aliyekuwa pale.

&nbsp;

Changamwe kulikuwa na watu mpaka barazani. Rispa alikuwepo, mzee Masha alikuwepo, akiwa bado ana haya kwa sababu ya tanuri lake, na Bi Mwanatabu alikaa kwenye kiti pekee. Mbeyu alikuwa amepika wali wa nazi, jambo lililochekesha watu. Tsuma alisimama uani, shingo wazi, akimtazama mkewe akija tangu alipojitokeza kwenye kona.

Kafedha alimvika mwenyewe. Mtu mmoja alipiga kigelegele. Tsuma alikishika kibati kifuani, na safari hii maneno yalimjia. Aliwashukuru mmoja mmoja, kwa jina, mpaka yule kijana mpagazi na ndugu zake wanne. Alichukua muda mrefu na hakuna aliyemharakisha.

"Na yule bwana, alikuwa amekiweka wapi?" mzee Masha aliuliza.

Wote walimgeukia Kafedha. Aliwatazama: mikono ya Bi Mwanatabu iliyovimba, macho ya Rispa mekundu kwa makaa, mumewe na kibati chake shingoni.

"Kwenye sanduku la chuma," alisema. "Lina kufuli. Alilifungua kwa ufunguo wa kiunoni."

"Si niliwaambia," Tsuma alisema, akawageukia wenzake, uso umemng'aa. "Wale wanajua thamani ya karatasi."

"Na amesema ahsante sana," Kafedha aliongeza. "Hilo kalisema mwenyewe."

Tsuma alikitoa kibati kifuani awaonyeshe watu, na ndipo kidole chake kilipokuta pale palipobonyea. Alikigeuza kwenye mwanga.

"Hii nini tena?"

"Nimekiangusha," Kafedha alisema. "Getini. Mkokoteni ukakikanyaga."

"Ah, Mama Mbeyu." Alitikisa kichwa mbele ya watu wote, si kwa hasira, kwa masikitiko ya mtu aliyeanza kujiona tena. "Mwenzio amekitunza siku nne, kimefungwa na kufuli. Wewe saa moja tu umekivunja."

"Nisamehe, Baba Mbeyu," Kafedha alisema, akaenda kupakua wali.